Ajali Ina Kinga

Neno "ajali" tulilipata kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka halikuhusiana kabisa na magari. Lilikuwa na maana ya muda uliowekwa, ile saa ambayo mtu ameandikiwa kuondoka duniani, isiyosogezwa mbele wala kurudishwa nyuma. Lilipofika pwani yetu likabaki na uzito huo huo. Kamusi za zamani za Kiswahili bado zinalitaja pamoja na kudura na siku ya kufa. Halafu magari yakaja. Tukachukua neno la kifo kilichopangwa mbinguni, tukampa dere aliyeovateki kwenye kona akiwa na abiria 20 kwenye gari la watu 14.

Na methali tukaipata: ajali haina kinga. Utaisikia matangani, utaisikia redioni asubuhi baada ya basi kuanguka, utaisikia hata kwa afisa wa serikali akiwa amesimama kando ya mabati yaliyokunjwa. Ni methali ya kuliwaza, na mtu aliyefiwa ana haki ya kuliwazwa. Shida inaanza pale kauli ya kuliwaza inapogeuka kuwa sera.

Mwaka 2024, kwa hesabu za NTSA, watu 4,748 walikufa kwenye barabara za Kenya. Gawanya kwa siku za mwaka ule upate watu 13 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ukienda duniani kote, Shirika la Afya Duniani linahesabu takriban watu milioni 1.19 kwa mwaka, na linasema kwamba kwa watu wa kuanzia miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya barabara. Soma hiyo tena kama una miaka 24. Si malaria, si ukimwi, si bunduki. Ni lile gari unalopanda kwenda kazini na lile linalokupita ukingoja kuvuka.

Makala haya ni historia ya watu waliokataa kwamba ajali haina kinga. Wengine walikuwa madaktari, mmoja alikuwa rubani, mmoja waziri aliyeogopwa na makanga wote wa nchi hii. Wote hawakukubaliana, na wengine walifeli. Lakini kufeli kwao kunatufundisha kuliko hotuba za kila Desemba.

Tuanzie Ireland, mwaka 1869. Mary Ward alikuwa mwanasayansi, mtaalamu wa hadubini, mwandishi wa vitabu, katika zama ambazo vyuo vikuu havikuwa vikiwapokea wanawake. Tarehe 31 Agosti alikuwa amepanda gari la mvuke lililotengenezwa na binamu zake. Kwenye kona akarushwa nje, gurudumu likampita, akafa. Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mtu wa kwanza duniani kuuawa na gari linalojiendesha bila farasi. Miaka 27 baadaye, Agosti 1896, Bridget Driscoll aligongwa akitembea kwa miguu karibu na Crystal Palace, London. Baraza la uchunguzi likaamua kwamba ni bahati mbaya tu. Inasemekana afisa aliyesimamia uchunguzi huo alisema anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena.

Likatokea tena, na tena. Kwa miongo iliyofuata nchi zenye magari mengi zilikuwa na majibu mawili tu. La kwanza ni hilo la bahati mbaya. La pili ni kumlaumu dereva: mlevi, mzembe, mwenye haraka. Suluhisho likawa kumhubiria, kumpiga faini, kumbandikia mabango. Kampuni za magari zililipenda sana jibu hili la pili, maana halikuuliza hata swali moja kuhusu gari lenyewe.

Aliyeuliza swali hilo alikuwa amevunjikavunjika. Hugh DeHaven alikuwa akijifunza urubani katika jeshi la anga la Uingereza mwaka 1917 ndege yake ilipogongana na nyingine hewani. Alipona, lakini viungo vyake vya ndani viliumia vibaya, na baadaye alishawishika kwamba kilichomuumiza ni kifungo cha mkanda wake mwenyewe. Kwa hiyo badala ya kuuliza "kwa nini tulianguka?" akauliza swali ambalo karibu kila mtu aliliona la ajabu: "baada ya kuanguka, ni nini hasa kilichoniumiza?"

Akaanza na mayai. Aliyadondosha jikoni kwake juu ya tabaka za mpira laini, akitafuta ni unene gani unaozuia yai kupasuka. Kisha akakusanya habari za watu walioanguka kutoka maghorofa marefu wakabaki hai, akachunguza waliangukia nini na mwili ulipokeaje pigo. Mwaka 1942 akachapisha matokeo. Kifupi ni hivi: mwili wa binadamu unaweza kustahimili nguvu kubwa kuliko tunavyodhani, mradi pigo lisambazwe mahali pengi na lichukue muda kidogo zaidi. Kinachoua ni kitu kigumu, chenye ncha, kinachokupokea kwa ghafla. Usukani wa chuma, dashibodi, kioo, paa. Yaani gari linapogonga, kuna mgongano wa pili: wewe na gari lako. Na huo wa pili unaweza kuundwa upya.

Kisha akaja John Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, ambaye alijitoa yeye mwenyewe kuwa yai. Tarehe 10 Desemba 1954 alifungwa kwenye kiti chenye roketi kikiwa juu ya reli jangwani New Mexico. Kilifika mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kikasimamishwa ndani ya sekunde 1.4. Macho yake yalijaa damu na kwa muda hakuona. Lakini aliishi, na akaendelea kuishi hadi miaka 89. Stapp alikuwa ameona kitu kwenye mafaili ya jeshi: marubani wengi zaidi walikuwa wanafia kwenye magari yao ya nyumbani kuliko kwenye ndege za kivita. Akaanza kuwaita wahandisi wa magari waje waone. Kama mkanda mzuri uliweza kumwokoa mtu kwenye roketi, kwa nini baba wa watoto watatu afe kwa mwendo wa kilomita 60?

Mwaka 1959, Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kurusha marubani nje ya ndege, akabuni mkanda unaoshika mwili sehemu tatu, ule unaopita begani na kiunoni. Volvo wakaacha kampuni nyingine ziutumie bure. Kwa hiyo ukiuvuta mkanda leo kwenye gari la mtu unayelipia kwa simu, unavuta kazi ya mtu aliyeanza kwa kufikiria marubani.

Lakini uvumbuzi peke yake haukufika mbali. Kampuni za Marekani hazikuwa na haraka ya kuweka kitu ambacho mteja hakukiomba. Hapo ndipo siasa ikaingia. Mwaka 1965 wakili kijana, Ralph Nader, akatoa kitabu kilichoeleza kwamba magari yenyewe yalikuwa yameundwa vibaya na wenye kampuni walijua. General Motors wakaajiri wapelelezi wamchunguze maisha yake ya binafsi. Habari zikavuja. Machi 1966 mkuu wa General Motors akaketi mbele ya Seneti akaomba radhi. Septemba mwaka huo huo sheria ya usalama wa magari ikatiwa saini. Ule mwaka zaidi ya watu 50,000 walikufa kwenye barabara za Marekani. Tangu wakati huo idadi ya vifo kwa kila kilomita inayoendeshwa imeshuka zaidi ya mara tatu, na si kwa sababu Wamarekani waligeuka malaika.

Aliyepewa kuongoza shirika jipya la usalama hakuwa polisi wala mhandisi. Alikuwa daktari wa magonjwa ya mlipuko, William Haddon. Yeye aliitazama barabara kama madaktari wanavyoitazama malaria. Malaria huimalizi kwa kumlaumu mgonjwa kwamba aliumwa na mbu. Unaangalia mbu, unaangalia maji yaliyotuama, unaangalia neti, unaangalia dawa. Haddon akachora jedwali lenye safu tatu: kabla ya mgongano, wakati wa mgongano, baada ya mgongano. Kwa kila safu akauliza kuhusu mtu, kuhusu gari, na kuhusu barabara na mazingira yake. Vyumba tisa. Kumhubiria dereva kunajaza chumba kimoja. Vile vingine vinane vilikuwa vimekaa vitupu.

Shikilia jedwali hilo, tunalibeba hadi Nairobi.

Matatu zilianza kama magari ya uchochoroni. Nauli ilikuwa senti 30, mapeni matatu, na jina likakwama hapo. Hazikuwa na leseni, zilikuwa zikikimbizana na kampuni ya mabasi na askari. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akatoa amri kwamba zinaweza kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Ilikuwa amri iliyowafurahisha wengi: watu wa mitaa walipata usafiri, wenye magari mabovu wakapata biashara. Sheria ya kuzitambua rasmi kama magari ya umma ilikuja 1984. Katikati ya miaka hiyo biashara ikawa imeshajijenga kwa namna ambayo haijabadilika sana mpaka leo. Mwenye gari anataka pesa fulani jioni, inaitwa tageti. Dere anatoa tageti, anatoa mafuta, anatoa ya karao njiani. Kinachobaki ndicho mshahara wake na wa kondaa. Kwa hiyo kila dakika anayosimama kwenye jam ni unga unaopungua nyumbani kwake. Kabla hujamwita mwehu, piga hiyo hesabu.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa NARC ilipoingia madarakani. Waziri wa Uchukuzi akawa John Michuki. Kama ulizaliwa baada ya 2000, jina hili umelisikia kwa wazazi: "Michuki angekuwepo..." Mwishoni mwa 2003 alitangaza kanuni mpya, na tarehe 1 Februari 2004 zikaanza kutumika. Kila matatu iwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Nissan ibebe abiria 14, hakuna kuning'inia, hakuna kusimama. Mstari wa manjano ubavuni ukionyesha njia ya gari. Dere na kondaa wavae sare na beji, picha ya dere ibandikwe abiria wamwone. Na waajiriwe rasmi, si vibarua wa siku.

Wenye matatu waligoma. Siku za kwanza za Februari Nairobi nzima ilipiga mguu, watu wakitembea makundi kwa makundi kutoka Eastlands hadi tao. Michuki hakurudi nyuma. Gari moja moja zikaanza kurudi barabarani zikiwa na mstari wa manjano, na watu wakashangaa kukaa kwenye matatu bila kukaliwa. Ukiwauliza waliokuwepo watakwambia ile ilikuwa enzi ya dhahabu. Kilichohitajika ni mtu mkali. Tungempata mwingine kama yeye mambo yangenyooka.

Sasa, hapa ndipo sayansi inapoharibu hadithi nzuri.

Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, hawakutaka kutegemea kumbukumbu za watu. Walikwenda kwa kampuni za bima. Bima ina sababu ya kuweka rekodi vizuri, maana ni pesa zake. Wakachukua madai ya ajali ya aina mbalimbali za magari, kabla na baada ya kanuni za Michuki. Wakalinganisha matatu na magari ambayo kanuni hazikuyagusa, ili kama ajali zilipungua kwa wote kwa sababu nyingine, isije ikahesabiwa kama ushindi wa waziri. Matokeo: hawakuona tofauti yoyote ya uhakika iliyoletwa na kanuni hizo kwenye viwango vya ajali. Uongozi mkali ulikuwepo, rasilmali zilitumika, wananchi waliunga mkono. Na namba zikabaki pale pale.

Inauma, lakini si ngumu kuelewa. Kidhibiti mwendo kinaweza kukatwa waya na fundi yeyote wa gereji. Mkanda uliowekwa kwa ajili ya ukaguzi hubaki ukiota uchafu chini ya kiti. Nani atauvaa ukiwa mweusi hivyo? Kuhakikisha kwamba kila siku kila gari linatii kunamtegemea askari aliye barabarani, na askari huyo ana tageti yake pia. Kila kanuni mpya ikawa sababu mpya ya kusimamisha gari, na kila kusimamishwa kukawa na bei. Ile kanuni ambayo ingegusa chanzo chenyewe, ya ajira rasmi yenye mshahara, ndiyo iliyopuuzwa kuliko zote. Tageti ilibaki. Mstari wa manjano ukapakwa juu yake.

Simsemi vibaya marehemu. Alithubutu pale ambapo wengine walikuwa wakipunga mkono tu. Lakini kumkumbuka vizuri ni pamoja na kukubali kwamba ukali una mwisho, na mwisho wake ni pale mtu mkali anapohamishwa wizara.

Habyarimana na Jack hawakuishia kwenye kupima. Walijiuliza: kama askari hayupo ndani ya gari, nani yupo? Jibu ni wewe. Abiria 14 wamekaa pale, roho zao mkononi mwa mtu mmoja, na kila mmoja anaona gari linavyokimbia. Kwa nini wananyamaza?

Tunajua kwa nini. Unaogopa kuonekana mshamba. Unaogopa kondaa atakwambia ununue gari lako. Unafikiri hao wengine wako sawa, mwoga ni wewe peke yako. Na kila mmoja mle ndani anafikiri hivyo hivyo. Watu 14 wenye hofu moja, kila mtu akidhani ni yake peke yake.

Basi mwaka 2008 wakajaribu kitu cha bei ya chini mno: stika. Walichukua matatu za masafa marefu, zaidi ya elfu moja, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja likabandikwa stika ndani, mbele ya macho ya abiria, kwa Kiswahili na Kiingereza, zikiwahimiza wasikae kimya dereva akiendesha vibaya. Nyingine zilikuwa na picha za kutisha. Ili dere asizibandue kukawa na droo ya kila wiki: ukikutwa bado una stika zako zote, una nafasi ya kushinda pesa. Kundi la pili halikupata kitu. Kisha wakarudi kwa bima wakahesabu.

Madai ya ajali kwenye kundi lenye stika yalipungua kwa angalau nusu.

Mtu mwenye akili atasema: ngoja, hiyo ni kubwa mno, labda ni bahati. Nao walifikiri hivyo, kwa hiyo wakarudia kwa ukubwa zaidi. Matokeo yalichapishwa 2015, yakihusu magari 12,000 hivi. Safari hii madai yalipungua kwa kati ya robo na theluthi, sawa na ajali 140 pungufu kwa mwaka kuliko ilivyotarajiwa. Stika zilizofanya kazi vizuri zaidi hazikuwa zile zinazomwambia mtu mmoja awe shujaa. Zilikuwa zile zinazowaambia abiria wasimame pamoja. Kampeni ya redio iliyoendeshwa sambamba haikuonyesha athari yoyote iliyoweza kupimwa. Na kwa stika zilizofaa zaidi, gharama ilikuwa kati ya dola 10 na 45 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa, bei ya chini sana katika afya ya umma. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampeni iliyoitwa Zusha!, na pengine umewahi kukaa chini ya stika yake bila kujua ina historia hii yote.

Watafiti hao hao waliandika pia kwamba hawakuweza kuthibitisha kitakwimu kuwa ujumbe ndio uliofanya kazi yote, na si kule kubandikwa stika tu. Pia mwendo wa magari yenye stika ulishuka kwa kilomita 1 au 2 tu kwa saa. Napenda kwamba walisema. Sayansi haijagundua dawa ya matatu. Imegundua kwamba kuna kitu kidogo kinachosaidia, na imetwambia kinasaidia kiasi gani.

Lakini turudi kwenye jedwali la Haddon. Stika ziko kwenye chumba cha mtu, kabla ya mgongano. Michuki aligusa mtu na gari. Barabara yenyewe je?

Kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret kuna mteremko mrefu kati ya Sachangwan na Salgaa. Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakaenda kuteka mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso Migaa, watu 36 wakafa. Watu walisema mahali pale pana mapepo. Ukiangalia kwa jicho la Haddon unaona mambo mengine. Mteremko ni mrefu, madereva wa malori wengine huacha gari liteleze bila gia ili kuokoa mafuta, breki zinachemka, na hapakuwa na kitu katikati cha kutenganisha wanaoshuka na wanaopanda. Baada ya Migaa, mamlaka ya barabara kuu ikaweka vizuizi vya saruji katikati. Pepo huwa wanahitaji maombi, lakini kugongana uso kwa uso kunahitaji pande mbili zikutane, na ukuta unazuia zisikutane.

Sweden walikuwa wameshalifikiria hilo. Oktoba 1997 bunge lao lilipitisha sera inayosema kwamba lengo ni vifo sifuri, na kwamba wanaojenga na kusimamia barabara wanabeba jukumu pamoja na wanaozitumia. Hoja yao ni rahisi. Binadamu atakosea, siku zote. Atasinzia, atapiga chafya, atasoma meseji. Kwa hiyo tengeneza barabara ambayo kosa la sekunde moja haliadhibiwi kwa kifo. Walichukua barabara zao za kawaida, wakazifanya za njia tatu zinazopokezana nafasi ya kuovateki, wakatandaza waya wa chuma katikati. Kwenye barabara hizo vifo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 70. Mwaka 1997 nchi nzima ilizika watu 541 wa barabarani. Mwaka 2020 walikuwa 204.

Usiniambie Sweden ni tajiri. Waya si teknolojia ya kwenda mwezini. Na tuta halihitaji karao, halichukui kitu kidogo, halihamishwi wizara.

Fikiria pia nani hasa anakufa Kenya. Kundi kubwa kuliko yote si abiria wa mabasi yanayofika kwenye taarifa ya saa moja. Ni wanaotembea kwa miguu, mmoja mmoja, wasiotajwa majina. Tulijenga Thika Road, tukaizindua 2012 kwa fahari, na watu wakawa wanaivuka wakikimbia kwa sababu madaraja ya miguu yalichelewa au yako mbali. Tukawaita wajinga. Lakini mama aliyebeba mzigo kichwani hawezi kuongeza nusu kilomita kwa sababu mhandisi alimsahau kwenye mchoro. Na fizikia haibishani na mtu: nguvu ya pigo inakua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, pigo linakuwa mara nne. Anayegongwa na gari la kilomita 30 kwa saa kwa kawaida ana nafasi nzuri ya kupona. Kila kumi unazoongeza juu ya hapo zinakula nafasi hiyo haraka sana. Kwa hiyo mwendo karibu na shule, soko na steji ni uamuzi wa nani aishi, na unafanywa ofisini na watu wenye kalamu, mara nyingi kabla lami haijamwagwa.

Ndiyo maana swali la kuuliza viongozi kila Desemba halipaswi kuwa "mtawakamata madereva wangapi?" Tuwaulize ni vyumba vingapi kati ya vile tisa vina kitu ndani. Ni sehemu gani kumi zilizoua zaidi mwaka jana, na kimebadilishwa nini pale? Dere analipwa mshahara au tageti? Mtu akigongwa Mlolongo usiku, inamchukua dakika ngapi kufika hospitali yenye damu? Na majibu yapimwe kama Habyarimana na Jack walivyopima, kwa kulinganisha, si kwa waziri kusema tumepiga hatua.

Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitangaza kuwa halitatumia tena neno la Kiingereza lenye maana ya ajali kwa migongano ya magari, kwa sababu neno hilo humfanya msomaji adhani hakuna kilichowezekana kufanywa. Sisi tuna kazi ngumu zaidi yao, maana letu lina kaburi ndani yake tangu mwanzo. Sitegemei liache kutumika. Lakini lugha yetu ina vitenzi vizuri. "Aligongwa" inauliza aligongwa na nani. "Gari lilipoteza breki" inauliza nani alilikagua. "Walifia pale Salgaa" inauliza Salgaa pakoje.

Desemba inakuja, mabasi yatajaa, na mahali fulani baada ya Naivasha dere ataanza kuchapa mbio ili awahi kugeuza. Utafiti unasema nini kuhusu dakika hiyo? Unasema usipige kelele peke yako. Mgeukie kwanza aliye karibu nawe, umwulize kama anaona unachokiona. Kuna uwezekano mkubwa amekuwa akingoja mtu amwulize.